Walinzi wa Kompyuta ya Mkuu

Mjomba wangu ndiye aliyeniponza. Alipokwenda kunipelekea posa, aliulizwa kijana anafanya kazi gani, na badala ya kusema ukweli, kwamba natengeneza mashine za fotokopi, akatia chumvi: "Ni mtaalamu wa kompyuta." Baba wa binti akasema vizuri, amesikia, atajibu. Mjomba akarudi nyumbani meno nje. Mimi nikaanza kutafuta suti.

Jibu halikuja. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikanyesha tena. Kila mjomba alipomwandikia barua pepe kumkumbusha (maana mzee yule hapokei jambo zito kwa simu, anasema simu haina ushahidi), alijibiwa maneno yaleyale: anaandika kitabu cha maisha yake, na hawezi kufanya mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja. Akimaliza kitabu, atajibu posa. Na kitabu kinakwendaje? Kinakwenda vizuri, ila kompyuta ni nzito. Inaganda. Ukiigusa leo, inaitika kesho.

Basi hapo ndipo maisha yangu yalipokwamia. Harusi inasubiri jibu, jibu linasubiri kitabu, kitabu kinasubiri kompyuta. Rafiki zangu waliochumbia nyuma yangu walishaanza kulalamika kuhusu wake zao, na mimi bado natafuta wa kunilalamisha. Sitaficha, nilikuwa na hasira na yule mzee. Nilikuwa na hasira na kompyuta pia, ingawa sikuwa nimeiona.

Mzee mwenyewe watu wote humwita Mkuu, hata binti yake akikasirika. Alikuwa mkuu wa walinzi katika bohari kubwa la nafaka mpaka alipostaafu, na alipostaafu alitoka na kazi yake akaja nayo nyumbani. Imani yake ni moja: mlinzi akiwa peke yake, atalala au ataiba. Dawa ni kuweka wawili wasiojuana, wachungane. Kwa hiyo geti la nyumba yake lina kufuli mbili. Ufunguo wa moja anao yeye, na wa pili anao dada yake anayeishi nyumba ya jirani. Kila asubuhi shangazi anatoka na kanga yake mabegani, anapita kwenye kijia cha nyuma, wanakutana getini, kila mtu anafungua ya kwake, wanasalimiana kama hawajawahi kuonana. Siku shangazi akiumwa, Mkuu haendi dukani.

Ikafika Jumamosi moja, mchumba wangu akanipigia simu. Yeye ni nesi, na siku hiyo alikuwa mapumziko.

"Njoo uitazame hiyo kompyuta," akasema. "Baba amekubali. Amesema kama wewe ni mtaalamu, basi tuuone huo utaalamu."

"Mimi ni fundi wa fotokopi. Wewe unajua."

"Hilo utalifikiria ukiwa njiani."

Nikabeba begi langu la bisibisi nikaenda. Shangazi na Mkuu wakanifungulia geti, kila mmoja kufuli yake. Shangazi akanipokea kwa furaha, Mkuu akanitazama begi.

"Bisibisi za nini? Kompyuta ni mambo ya akili."

"Huwezi kujua, mzee," nikasema. Hilo ndilo jibu ninalowapa wateja wangu wote.

Kompyuta ilikuwa kwenye kona ya sebule, juu ya meza ya mbao iliyosogezwa ili skrini itazame ukuta. Anayeandika alikaa kati ya ukuta na meza, mgongo ukutani, na hakuna mtu aliyeweza kusoma anachoandika bila kupanda juu ya kabati. Mchumba wangu alishaniambia kwamba hata yeye hajawahi kuona sentensi moja. Alichojua ni alichoambiwa: kwamba baba yuko sura ya saba, pale bohari lilipoungua.

Mkuu akanionyesha utaratibu wake, tena kwa majivuno. "Nikibonyeza hapa kuiwasha, naenda kumwagilia maua. Nikirudi, inakuwa imeleta picha. Nabonyeza kitabu, naenda kuoga. Nikitoka kuoga, inakuwa karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu kufunguka."

Shangazi, aliyekuwa amekaa kwenye kochi akichambua mboga, akasema, "Mtu anaoga mpaka anachubuka, kitabu hakijafunguka."

Nikaanza na ninachokijua. Fotokopi ikisumbua, mara tisa katika kumi ni vumbi, hivyo nikaizima, nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikapuliza. Likatoka vumbi la miaka. Shangazi akapiga chafya, Mkuu akapiga chafya, ikabidi mboga zioshwe upya. Nikafunga kifuniko na kuiwasha. Mkuu akaenda kumwagilia maua, akarudi, na duara dogo la skrini lilikuwa bado linazunguka.

"Vumbi halikuwa lenyewe," nikasema, kana kwamba nilikuwa najua tangu mwanzo.

Nikatazama kama mashine imejaa. Haikujaa, zaidi ya nusu ilikuwa tupu. Nikatazama kama kuna kifaa kimechoka na kupata moto kupita kiasi. Ilikuwa na moto, kweli, lakini moto wa mtu anayekimbia, si wa mgonjwa. Jasho likaanza kunitoka mimi. Mkuu alikuwa amesimama ubavuni pangu, mikono mgongoni, pumzi zake zinanigusa sikio. Nikajiambia, leo ndiyo leo, mjomba ataniokota getini.

Ndipo nikakumbuka ule ukurasa wa ndani unaoonyesha kila programu inafanya nini na inakula nguvu kiasi gani. Kijana mmoja wa ofisini kwetu huufungua kila mara ili aonekane ana kazi. Nikaufungua. Ukachukua muda wake kufunguka, lakini ulipofunguka nikaona jambo la ajabu. Hatukuwa tumefungua kitu chochote, na bado ubongo wa mashine ulikuwa unafanya kazi kwa asilimia mia moja. Mashine ilikuwa haipumui.

"Mzee, hii kompyuta ina kazi nyingi sana. Inafanya nini?"

"Inalinda," Mkuu akasema.

Akainama, akanionyesha kona ya chini ya skrini. Pale palikuwa na picha ndogondogo zimejipanga: ngao, mwavuli, kufuli, tai, na jicho moja kubwa lililokuwa linapepesa. Kila moja ilikuwa programu ya kukinga virusi. Kwa kawaida mtu huwa na moja. Mwenye wasiwasi sana, moja na nusu.

"Hawa wote umewaweka wewe?"

"Nani mwingine? Ngao alikuja na mashine. Nikajiuliza, huyu Ngao anachungwa na nani? Nikamleta Mwavuli, wa kampuni nyingine, wasijuane. Baadaye nikaona wameanza kuzoeana, maana walikuwa wananyamaza wote kwa pamoja. Nikamleta Kufuli. Tai nilimpata kwenye tangazo. Jicho ni wa kuwatazama wote."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayewapanga askari wake kwenye zamu. Mchumba wangu alikuwa mlangoni na birika la chai mkononi, akajifanya hamnazo, lakini niliona mabega yanatikisika.

Nikamweleza kwa adabu zote nilizofundishwa. Kwamba hizi programu hazilindi geti kwa zamu, zote ziko kazini muda wote. Kwamba kila faili linaloguswa, Ngao analisimamisha na kulipekua, kisha Mwavuli analipekua, kisha Kufuli, mpaka limalize mstari. Kwamba ndiyo maana kufungua kitabu ni safari. Dawa ni kumbakisha mmoja na kuwaondoa wengine.

Mkuu akavua miwani. "Kuwaondoa kwa kosa gani?"

"Kosa lao ni kuwa wengi."

"Hilo si kosa lao. Ni mimi niliyewaajiri. Kazini kwangu sikumfukuza mlinzi bila kumsikiliza, na sitaanza leo."

Nikamtazama mchumba wangu. Akanitazama kwa macho ya kusema ulifikiri ninaishije humu. Basi kikaitishwa kikao. Mkuu akavuta kiti, akakaa mwenyekiti. Shangazi akawa shahidi, hakutaka, lakini alikuwa karibu. Mimi nikaambiwa niwahoji watuhumiwa, yaani nifungue kila programu na kusoma kwa sauti kumbukumbu za kazi iliyofanya, wahalifu iliowakamata, na lini.

Nikamfungua Ngao. Alikuwa na matukio mengi mno, mstari juu ya mstari, yote yameandikwa kwa rangi nyekundu. Mkuu akajiinamisha mbele, anafurahi. "Soma."

"Mtu wa kutiliwa shaka amezuiwa," nikasoma. "Jina lake Mwavuli."

"Endelea."

"Mtu wa kutiliwa shaka amezuiwa. Mwavuli. Tena Mwavuli. Hapa kidogo ni Tai. Kisha Mwavuli."

Nikamfungua Mwavuli. Yeye alikuwa amemkamata Ngao, asubuhi, mchana na jioni, na siku ambazo Ngao hakufanya lolote alikuwa amemkamata Kufuli. Kufuli alikuwa amemfungia Tai mahali fulani na kumsahau. Tai, kutoka huko alikofungiwa, alikuwa anapeleka malalamiko kwamba amevamiwa. Na Jicho lilikuwa linawapiga picha wote na kuzihifadhi.

"Na wezi?" Mkuu akauliza. "Wezi wenyewe, wa kutoka nje?"

Nikapekua kote. "Hakuna, mzee. Hajaja hata mmoja."

Nilidhani nimeharibu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, na mashavu yake yalikuwa yanafanya kitu nisichokielewa. Kisha nikagundua kwamba anacheka. Alicheka kimyakimya kwanza, halafu kicheko kikamshinda, akajipiga paja.

"Haya mambo yalinitokea boharini," akasema, akifuta macho. "Niliweka walinzi wa kampuni mbili, mlango wa mbele na wa nyuma. Asubuhi nafika, nawakuta wamefungana kamba. Wa mbele anasema wa nyuma ni mwizi, wa nyuma anasema wa mbele ni mwizi. Na mahindi hayapo."

"Hiyo hukuwahi kutuambia," shangazi akasema.

"Ningewaambiaje? Nilikuwa mkuu."

Hukumu ikatolewa: abaki Ngao, kwa kuwa ndiye mwenyeji, waliobaki waende. Nikaanza kuwaondoa mmoja mmoja. Kila mmoja aliuliza kama tuna uhakika, akauliza tena, na Mwavuli akaleta picha ya uso wenye machozi na maneno kwamba amesikitika kuachana nasi. Nikasita. Mkuu akaniambia niendelee, kwamba katika maisha yake yote ya kazi, mlinzi aliyelia sana siku ya kuondoka ndiye aliyekuwa na kilo za mchele nyumbani. Jicho ndilo lililosumbua. Lilijifunga, likajifungua, likataka sababu kwa maandishi. Mchumba wangu akaandika "imetosha", nalo likaridhika.

Nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Mkuu, kwa mazoea, akachukua taulo lake akaelekea bafuni. Hakufika hata kwenye pazia la mlango. Mashine ikalia mlio wake wa kuamka, picha ikatokea, kila kitu kikawa tayari. Akarudi na taulo begani, akasimama mbele ya skrini kama mtu aliyekuta mgeni ameshakaa kwenye kiti chake.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Hivyo hivyo tu?"

Nilijaa furaha. Nilishajiona nimevaa suti. Kompyuta imepona, kitabu kitakimbia, sura ya nane, ya tisa, ya mwisho, jibu, harusi. Nikashika kipanya. "Tufungue na kitabu sasa, uone kasi."

"Kitabu tutakifungua siku nyingine," Mkuu akasema haraka.

Ningesikia sauti yake ningeacha. Lakini mtu aliyesubiri kama mimi hasikii. Faili lilikuwa pale katikati, limeandikwa KITABU, na kidole changu kilishabonyeza. Siku zote mzee alikuwa na muda wa kuoga kati ya kubonyeza na kufunguka. Safari hii hakupata hata muda wa kunishika mkono.

Kikafunguka. Juu kabisa kulikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa nzito: MAISHA YANGU LANGONI. Chini yake, Sura ya Kwanza. Chini yake kulikuwa na neno moja.

"Nilizaliwa."

Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe mpaka chini, na kijistari cheusi kinapepesa mbele ya lile neno, kikingoja kuambiwa lini na wapi.

Mchumba wangu alikuwa ameshazunguka meza. Akasoma. Haikumchukua muda. "Baba," akasema, "na sura ya saba?"

Mkuu alikaa kwenye kiti chake, kati ya meza na ukuta, akaliweka taulo magotini na kuanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nilikuja kutafuta kinachoichelewesha kompyuta, na sasa nilikuwa nimemvua nguo baba wa mtu mbele ya binti yake na dada yake.

"Kompyuta ilikuwa nzito kweli," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hilo sikudanganya."

"Mwaka mzima nakuletea chai hapa," mchumba wangu akasema. "Napita kwa kunyata, nisikuvurugie mawazo. Nimewanyamazisha watoto wa jirani. Kwa neno moja?"

"Sasa ulitaka niandike kwa haraka gani?" Mkuu akamgeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Nikimaliza kitabu, lazima nijibu posa. Nikijibu, unaondoka. Mama yako hayupo. Kaka zako walishakwenda zao. Nikibaki humu ndani, nitabaki na nani? Na Ngao?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliacha mboga. Mimi ile hasira niliyokuja nayo niliitafuta sikuiona. Nilikuwa nimemdhania mzee ananidharau, kumbe alikuwa anaogopa, na nilimwonea huruma. Nikasema, "Mzee, mimi naweza kusubiri," na nilimaanisha, Mungu ananijua.

"Wewe nyamaza," mchumba wangu akaniambia. "Umesubiri vya kutosha, na mimi pia nimesubiri, hakuna anayeniuliza mimi." Akavuta stuli, akakaa karibu na baba yake, akamshika mkono wenye taulo. "Baba, nitahamia mtaa wa pili. Nikisimama mlangoni kwake naliona paa lako. Ukikohoa nitasikia."

"Mtaa wa pili ni mbali kwa chai ya asubuhi."

"Nitaileta nikienda kazini. Na Jumamosi nakuja kutwa nzima. Lakini siwezi kukaa hapa nikingoja uzaliwe."

Mkuu akatazama skrini, akalitazama lile neno lake. Akapumua. Kisha akanyoosha mgongo, na nikaona jinsi alivyokuwa akisimama boharini.

"Fungua barua pepe," akamwambia binti yake. "Mimi nitasema, wewe chapa. Kwa mjomba wa kijana. Salamu. Posa yenu tumeipokea kwa heshima, na tumeikubali. Karibuni nyumbani mje tuzungumze." Akafikiri. "Weka jina langu. Basi. Ngoja kwanza, usitume, nataka niitafakari..."

"Nimeshatuma."

"Isimamishe."

"Imeshafika, baba."

Mkuu akabaki mdomo wazi. "Imefika? Sasa hivi?" Akanigeukia mimi. "Unajua jibu hili nilishaliandika mara ngapi? Naandika, nabonyeza, mashine inazunguka, naenda kuoga. Nikirudi nimeshaghairi, naizima. Ilikuwa inanipa nafasi."

"Nisamehe, mzee."

"Usiniite mzee, umeshakuwa mtoto wa humu," akasema kwa ukali, na ule ukali haukuwa na nguvu. Shangazi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga na kujifanya ni vumbi. "Haya, niambie basi, mwanangu. Ukishamchukua huyu, kitabu changu atakuja kunichapia nani?"

"Nitakuja mimi, baba. Kila jioni nikitoka kazini."

"Wewe? Nimekutazama tangu asubuhi. Unachapa kwa kidole kimoja."

"Na wewe una neno moja," nikasema. "Tutakwenda sawa."

Akajisogeza kwenye kile kiti chembamba kati ya meza na ukuta, akanipisha nikae.